ASILI YA MAJINA: BEAUCHAMP



Mwezi uliopita mzazi mmoja alitujia na dukuduku lake. Mwanawe, Abdulrahman, amechoka kusikia jina lake likitamkwa kombokombo shuleni, naye ameomba aandikwe "Abdul" tu, ili afanane na wenzake wenye majina ya Kiingereza. Kabla ya kumjibu, tuliona heri tuyatazame hayo majina ya Kiingereza yenyewe.

Liko jina la ukoo Beauchamp. Waingereza hulitamka "Bicham", lakini asili yake si Kiingereza. Ni maneno mawili ya Kifaransa: beau, yaani zuri, na champ, yaani konde au shamba. Jina hili lililetwa na Wanormani, waliovuka bahari kutoka kaskazini ya Ufaransa na kuiteka Uingereza mwaka 1066 chini ya William. Mabwana hao walipomiliki ardhi, majina yao yaliambatana na majina ya vijiji. Katika jimbo la Somerset kipo kijiji kiitwacho Shepton Beauchamp. Shepton ni Kiingereza cha kale, maana yake shamba la kondoo. Beauchamp ni ukoo uliokimiliki.

Karne zilivyopita, ndimi za wenyeji ziliyageuza matamshi ya jina hilo. Walioyashika maandishi yake ya asili, maana yake yaonekana hata leo. Wengine waliliandika kama lisikikavyo: Beecham. Hapo asomaye haoni tena shamba wala uzuri wake.

Basi tumwambie nini kijana wetu? Abdulrahman ni Mja wa Mwingi wa Rehema. Akilikata na kubakiza "Abdul", atakuwa amesema "mja wa", pasi na kutaja ni mja wa nani. Matamshi ya walimu tutayavumilia, na tutawasahihisha kwa upole, maandishi tusiyaguse.

Tunawasihi wazazi, kabla hamjaijaza fomu ya shule, keti na mtoto mumweleze maana ya jina lake na aliyempa. Mtoto aijuaye maana ya jina lake haoni haya kulitaja mara ya pili, wala ya tatu.

Wabillahi tawfiq.