Mashine Imeona Paa, Haijui Kitongoji

Mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure michoro ya takriban majengo milioni 18 ya Tanzania na Uganda, iliyochorwa na akili mnemba kutoka kwenye picha za setilaiti. Ni kazi kubwa, siibezi. Ninachokataa ni maneno yaliyofuata: kwamba ramani ya vijijini sasa imeisha, na anayehangaika na laptopu ya mtumba amebaki nyuma. Haya, katika mapaa hayo yote, Tarime na Serengeti, lipi liko kitongoji gani?

Swali hili si la darasani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilipiga marufuku kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, lakini Desemba, shule zikifungwa, bado wapo wanaotoroka nyumbani ili wasikatwe. Mugumu kuna nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly. Mtu anayepiga simu usiku kuomba msaada hataji latitudo. Anataja jina la mahali. Kama jina hilo halipo kwenye ramani, polisi wa dawati la jinsia waelekeze gari wapi?

Ndiyo maana tangu 2015 watu wa Crowd2Map wamekuwa wakiviingiza vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap. Walio mbali huchora nyumba na barabara kwa kutazama picha. Walioko huku huongeza majina, zahanati, shule, visima.

Chombo ninachokipenda kwa kazi hii ni JOSM. Sura yake mbaya, vitufe vimejazana kama abiria wa Noah siku ya mnada. Lakini unaisakinisha kwenye kompyuta yako, unapakua eneo lako ukiwa Mugumu mjini penye mtandao, unakwenda kijijini na kuchora kutwa bila bando, unahifadhi faili, unapandisha ukirudi. Laptopu kuukuu yenye Linux na RAM ya gigabaiti 4 inatosha kwa eneo la kata. Ukiongeza QGIS, ambayo nayo ni bure, unachapa ramani ya karatasi, na karatasi haiishiwi chaji. Simu ni nzuri kwa kukusanya majina, sikatai, ila jaribu kunyoosha barabara ya kilomita kumi kwa kidole gumba.

Kuna jambo zito zaidi. Majina ya vitongoji yawe wazi kwa kila mtu. Habari za nani ametoroka, kwao ni wapi na nani anamtafuta, hizo hazipaswi kulala kwenye seva ya kampuni ambayo hata nchi iliyopo huijui. Zikae kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, ndani ya kabati lenye kufuli. Eti hiyo nayo tunaambiwa ni teknolojia ya zamani!

Mtasema mashine inajifunza. Inajifunza, ndiyo, lakini kutokana na kilichokwisha kuandikwa. Paa la bati linang'aa, inaliona. Paa la nyasi lenye rangi ya udongo linaweza kuipiga chenga. Njia inayokatika Mto Mara ukifurika inaonekana nzima kwenye picha ya kiangazi. Na jina ambalo mwenyekiti wa kitongoji analijua kichwani tu, mashine italitoa wapi? Mbaya zaidi, ikikosa kitu haisemi imekosa. Inaacha peupe, na sisi tunasoma peupe hapo kama pori.

Kwenye warsha za ubunifu, akili mnemba hupewa ukumbi na chakula cha mchana. Sijasikia mtu akiomba fedha za betri za laptopu, au nauli ya bodaboda ya kijana wa kuzunguka vitongojini na daftari. Ziombwe hizo, na zitoke kabla ya Novemba, kwa sababu Desemba simu zinaanza kuita.