Watoto wa magari ya waya wapewe resini

Jioni jijini Dodoma watoto husukuma magari waliyoyaunda wenyewe: bodi ya kopo, fremu ya waya, magurudumu yaliyochongwa kwenye kandambili iliyochakaa. Mengine yana usukani mrefu unaokata kona kwelikweli. Huo ni uhandisi, na shule zetu zinaupuuza.

Huko Jamhuri ya Czech, ufundi wa aina hiyo ni ajira. Kampuni ya Eduard, iliyoanzishwa mwaka 1989, huuza vipuri vya resini vya kuongezea kwenye modeli za ndege na helikopta za kivita: viti vya marubani, dashibodi, silaha. Modeli ya plastiki hutoka kwenye kalibu ya chuma inayofunguka kwa kunyooka, kwa hiyo vijishimo vya pembeni hupotea. Resini humiminwa kwenye kalibu ya silikoni, nayo hujipinda, ikakiachia kipuri na mikunjo yake yote. Kwa kipimo cha 1:72, mkanda wa kiti wenye upana wa sentimita 5 hubaki chini ya milimita moja! Mkono unaoweza kazi hiyo unaweza pia kutengeneza meno bandia au modeli za wasanifu majengo.

Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali. Basi shule za mkondo huo zinunue silikoni na resini kidogo, pamoja na barakoa, maana vumbi la resini linadhuru mapafu, na msasa upigwe kwa maji. Watoto wa magari ya waya wawe wa kwanza kuitwa.