Mvumilivu hula mbivu? Si kwenye poka

Pale Kamembe, mji wa mpakani Rwanda, karata zikishagawiwa tu, utamsikia mzee akimnong'oneza kijana: "Tulia mwanangu, ngoja karata nzuri." Nami kila nikimsikia natamani kumnyang'anya kiti. Watu wengi wanaamini kwamba kwenye poka mwenye akili ni mbanaji, yule anayetupa mkono baada ya mkono hadi apate karata kubwa ndipo avamie. Anayevamia kwa karata za kila aina wanamwita mlevi wa bahati.

Tuhesabu basi. Ree mbili, karata bora za kuanzia, hutoka kwa wastani mara moja katika mikono 221. Penye watu 9, hiyo ni mizunguko zaidi ya 24, na kila mzunguko unakutoza madau mawili ya lazima. Mama anayevusha nyanya kwenda Bukavu analijua hili bila karata: bei nzuri huenda ikaja kesho, lakini nyanya zinalainika leo. Na ree zikifika? Mbanaji anasukuma faranga zake, meza nzima inamtazama mtu aliyesinzia tangu magharibi, wote wanatupa karata. Amevuna madau ya lazima, basi.

Sasa mtazame mvamizi. Mezani kuna faranga 2,000, naye hana kitu mkononi. Anaweka 1,000. Wakimwachia mara moja kati ya tatu, hajapoteza hata senti. Wakimwachia mara mbili, anakula faida. Hapo kazi ni kumjua jirani yako anaogopa lini. Stu Ungar, bingwa wa dunia wa poka wa 1980, 1981 na 1997, alisifika kwa ukali wa namna hiyo.

Na wazee hawahawa ni mafundi wa bao la igisoro! Wanajua vizuri kwamba ukibaki na kete moja moja umekwisha, maana shimo la kete moja halichezwi. Unashindwa na kete zako ziko ubaoni zinakutazama, kama mbanaji na faranga zake.

Sisemi uvamie kila mkono. Mvamizi asiyesoma watu hufilisika usiku uleule, mbanaji akiwa bado anapiga miayo. Ukikaa na watu wasiojua kutupa karata, bana tu, kwa sababu hakuna wa kumtisha. Lakini yule mzee wa Kamembe hata hainui macho kuona ni nani amekaa mbele yake.