MPIGA GITAA NAYE NI MFANYA KAZI



Katika mikutano ya tawi letu yamekuwako maneno mengi juu ya muziki. Wengine wasema chama kinunue vyombo, kiwe na bendi yake ya kupiga siku ya Mei Mosi na kila mwisho wa mwezi. Wengine wasema ada za wanachama si fedha za kuchezea dansi, na tena wapiga muziki ni wavivu walalao mchana. Sisi tulio wa reli twaona inafaa pande zote mbili zijue kwanza habari za bendi moja ya jirani zetu. Jambo hili limekwisha jaribiwa, na waliolijaribu walikuwa chama cha wafanya kazi.

Bendi hiyo ni NUTA Jazz ya Dar es Salaam. Mwezi wa Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi. Baada ya hayo Serikali ilivunja shirikisho la vyama vya wafanya kazi, TFL, ikaweka chama kimoja tu kwa nchi nzima, ndicho NUTA. Katibu Mkuu wake, Bwana Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mtu wa reli hawezi kupita hapo bila kusimama kidogo, maana chama cha reli cha Tanganyika kilikuwa na nguvu ya kufanya mgomo mrefu mwaka 1960. Mwaka ule ule vyama vilipopoteza uhuru wao, ndipo bendi ilipozaliwa.

Lakini tuseme kweli, bendi ile ilileta wimbi jipya. Zamani bendi za Dar es Salaam zilikuwa mali ya vilabu vya dansi, au mali ya mtu mmoja mwenye fedha za kununua vyombo. Mpigaji alipata chochote kilichobaki mlangoni. Mvua ikinyesha watu hawaji, na yeye hali. NUTA ilimwandika mpiga gitaa kazi, ikampa mshahara wa mwezi kama karani au fundi. Wengine wakaona ni jambo jema, wakafuata: Jeshi, Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, hata shirika la mabasi la Dar es Salaam. Mtindo wa NUTA uliitwa Msondo, na watu wa Kenya pia waliucheza.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa tuangalie upande wa pili.

Gitaa, ngoma, tarumbeta na vipaza sauti vyote vilikuwa mali ya chama. Mpigaji alikuwa na mshahara, lakini chombo cha kazi hakikuwa chake. Mwaka 1978 Bwana Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyekuwa NUTA Jazz tangu mwanzo, aliondoka akaenda kuanzisha Mlimani Park. Vyombo vilibaki. Na kule alikokwenda, vyombo vilikuwa mali ya shirika la usafiri na teksi, na baada ya miaka michache bendi ikahamia kwa shirika jingine, DDC. Mwaka 1985 alihama tena, akaenda Safari Sound, bendi ya tajiri mmoja. Mwisho akarudi kule kule alikoanzia. Watu husema wanamuziki hawatulii. Sisi twasema mtu asiye na jembe lake hulima shamba la yule mwenye jembe.

Tena kuna jambo la nyimbo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Nyimbo zilirekodiwa katika Redio Tanzania, na bendi iliyotaka sahani ilitegemea Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, nasi wa reli twajua vizuri mwaka huo, maana ndipo reli yetu moja ilipokatwa vipande. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Wapigaji wakabakiwa na redio. Wimbo uliimbwa mwaka hata mwaka, nchi nzima ikaujua, lakini aliyeutunga hakulipwa kila ulipopigwa. Je, fundi akitengeneza kiti kimoja, na watu elfu wakikikalia kwa miaka thelathini, alipwe siku moja tu? Wenye viwanda vya santuri walijibu swali hilo zamani kwa faida yao wenyewe.

Mwenye bendi naye hakudumu. Mwaka 1978 NUTA iligeuzwa kuwa JUWATA. Mwaka 1991 JUWATA ikageuzwa kuwa OTTU. Na OTTU nayo imekwisha. Kila mara bendi ilibadilishwa jina ifuate la mwenyewe: JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz. Wenyewe watatu wamekwisha kufa, bendi ikabaki, ikaendelea kupiga kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Hapo wanachama wafikiri: mali ile hasa ilikuwa ni vyombo, au ilikuwa ni mikono na sauti za watu?

Mwaka 2013 Bwana Gurumo alistaafu, baada ya kuimba zaidi ya miaka 50. Kijana mmoja mwimbaji, Diamond Platnumz, alimpa gari kuwa zawadi. Watu wengi walifurahi, nasi twamsifu kijana huyo kwa moyo wake. Lakini mfanya kazi wa miaka 50 hafai kungoja moyo wa mtu. Zawadi hutolewa apendapo mwenye kutoa, na haki hudaiwa. Mzee huyo alifariki mwezi wa Aprili 2014.

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa tawi.

Kwanza, tuache kuwaita wapiga muziki wavivu. Dereva wa gari la moshi aliyekesha njiani hulala mchana, wala hakuna amwitaye mvivu. Mpiga gitaa naye yuko kwenye zamu ya usiku.

Pili, tukiita bendi ipige kwenye sikukuu yetu, tuandikiane mkataba, na nusu ya fedha ilipwe kabla ya wimbo wa kwanza. Si haki chama kidai mishahara kwa matajiri, kisha chenyewe kimwambie mpigaji angoje hesabu ya mlangoni. Mkono mtupu haulambwi.

Tatu, chama kikinunua vyombo, visiwe vya chama milele. Wapigaji wakatwe kidogo kidogo mpaka bei itimie, kisha viwe vyao, kwa maandishi. Vivyo hivyo nyimbo ziandikwe kwa majina ya waliozitunga.

Nne, wakatiwe NSSF kama sisi, tangu mwezi wa kwanza.

Kama tawi haliwezi kutimiza mambo hayo manne, basi lisinunue hata kamba moja ya gitaa. Afadhali tukae bila bendi kuliko kuwa tajiri mwingine, halafu tujiite ndugu. Wanachama waje mkutanoni na mawazo yao, na wapiga muziki waliomo mtaani kwetu waitwe, nao waseme.

Sisi, wafanya kazi wa reli.