FAINI KWA BOLIJOENTI, MSAMAHA KWA SHIMO!

Pita Gerezani siku yoyote ya kazi, uingie mitaa ya kuelekea Kariakoo, utaikuta hospitali ya magari ya walalahoi. Corolla, Corona na Mark II zimenyanyuliwa kwa jeki, matairi ya mbele yamefunguliwa, fundi amelala juu ya boksi chini ya gari. Muulize mgonjwa anaumwa nini. Jibu ni lile lile: miguu ya mbele. Bushi zimekwisha, shokapu zimekufa, bolijoenti inacheza.

Ndugu msomaji, tuseme ukweli kwanza. Ugonjwa huu si wa mzaha. Bolijoenti ni kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kombe lenye grisi, nacho kimefunikwa na mfuko wa mpira. Mfuko ukichanika, grisi hutoka, maji na mchanga wa barabarani huingia, chuma husaga chuma. Gari linaanza kugonga kwenye kila shimo, usukani unayumba, tairi linaliwa upande mmoja. Siku kichwa kikichomoka katika kombe, gurudumu hulala na dereva hubaki ameshika usukani usiokuwa na kazi. Kwa hiyo mwenye gari anayemwambia fundi alifinye kombe kwa nyundo ili "lisogeze siku" anacheza na roho za watu. Ulalahoi si kibali cha kuua.

Ndiyo maana trafiki akilisimamisha gari bovu, sisi hatubishi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa nguvu hiyo, na faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000 inajulikana na kila dereva. Swali letu ni jingine: shimo lililoimaliza hiyo bolijoenti linatozwa shilingi ngapi? Na nani anaandikiwa karatasi?

Tuhesabu. Gari dogo la mtumba lililozidi miaka 10 tangu liundwe hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya umri wake tu. Haya, tumelipia uchakavu bandarini. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 serikali ilifuta ada ya leseni ya magari ya kila mwaka, watu wakapiga makofi. Lakini siku hiyo hiyo ushuru wa mafuta ulipandishwa kwa shilingi 40 kwa lita. Bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 nyingine kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni za barabara za TARURA. Kwa maneno mengine, deiwaka wa teksi anayezunguka mjini kutwa anachangia barabara kila anapojaza mafuta. Hakuna anayemkopesha. Analipa kwanza, anaendesha baadaye.

Anapata nini? Masika yakinyesha, mifereji imeziba, maji yanalala juu ya lami, lami inabanduka. Kinaletwa kifusi, kinashindiliwa, kinaitwa matengenezo. Mvua ya pili inakichukua. Kigogo naye anapita hapo hapo ndani ya shangingi lenye springi ndefu na vioo vya giza. Shimo halisikii. Na hata akilisikia, mafuta, matairi na fundi vyote analipiwa na yule yule mwenye Corolla iliyoko juu ya jeki!

Watatujibu kwamba barabara zimejengwa, na kwamba mwendokasi ulianza mwaka 2016 na kituo chake kikubwa kipo hapo hapo Gerezani. Ni kweli, na aliyejenga apewe haki yake. Lakini njia ya mwendokasi haipitwi na teksi wala kirikuu cha mizigo. Tena barabara kujengwa ni jambo moja, kutunzwa ni jingine. Gari jipya lisilotiwa grisi nalo litaishia kwa fundi.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kila kata ibandikiwe ubaoni: fedha za matengenezo zilizopokelewa, mitaa iliyotengenezwa, na jina la mkandarasi. Pili, mkandarasi ambaye kiraka chake kimebanduka kabla ya mwaka kwisha arudi kukiziba kwa fedha zake, kama fundi anavyorudishiwa gari linaloendelea kugonga. Tatu, Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani ziwafuate wanaoingiza spea feki kwa makontena, wasiishie kumkamata kijana mwenye kibanda. Bolijoenti feki huua sawasawa na ile iliyochakaa.

Fundi wa Gerezani akifunga bolijoenti bila kukaza nati, gari likaua, atalala mahabusu usiku huo huo. Hilo ni sawa. Kwa nini aliyetia saini kwamba barabara imetengenezwa, na haikutengenezwa, alale kwake?

Chama Cha Mapinduzi kimeshika usukani tangu mwaka 1977. Dereva aliyekaa kwenye kiti muda wote huo hawezi kutuambia kwamba mashimo ameyakuta leo asubuhi.