Nani Atatuhaki Huku Kakuyuni?

Nilikuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo nina dukuduku na lazima nilitoe.

Majuzi nikiwa nyumbani Kakuyuni, kijana mmoja aliniletea laptopu ya ofisi yao iliyogoma kuwaka. Ofisi yenyewe sitaitaja. Ilipowaka, katikati ya skrini kulikuwa na faili moja la Excel: jina la mtoto, kijiji, shule, simu ya mlezi, na safu ya mwisho: ana virusi vya Ukimwi au hana. Hakuna neno la siri, si kwenye faili, si kwenye laptopu.

Nikamuuliza, vipi? Akacheka. "Kaka, nani atatuhaki huku Kakuyuni?"

Hapo ndipo ninapobishana naye, na wenzangu wengi wa programu wanaofikiri kama yeye. Orodha hii ikifika kwa mwizi wa mbali, yeye ataona majina tu. Ikifika kwa jirani, ataona mtoto anayekaa dawati moja na mwanawe. Kijiji kidogo hakikuhitaji mhaka. Kinahitaji mtu mmoja mdaku na flashi.

Kenya tumeshapitia haya. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za wanafunzi wote wanaoishi na virusi. Nia ilikuwa huduma, lakini fomu iliunganisha majina na hali ya mtu. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kuwa agizo hilo lilikiuka Katiba, na majina yaliyokwisha kukusanywa yawekewe alama za siri ili yasiunganike na hali ya wenyewe.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Jaji alituandikia muundo wa kanzidata! Jedwali moja liwe na jina na namba. Jedwali la pili liwe na namba na hali. Ufunguo wa kuyaunganisha abaki nao anayemtibu mtoto, basi.

Mtasema, bila majina ripoti itaandikwaje? Itaandikwa vizuri tu. Anayeagiza dawa anataka idadi. Anayetuma ripoti ya mwezi anataka idadi. Jina la mtoto linawahusu nini?

Kufuli nazo ni lazima. Simbeni diski, simbeni na bakapu. Kila mtu aingie kwa akaunti yake, na mfumo uandike nani alifungua nini. Seva ya kanzidata isiachwe wazi kwenye intaneti. Msidhani hili ni tatizo la maskini. Kule Finland, kliniki za ushauri wa kisaikolojia za Vastaamo ziliacha kanzidata yao wazi, akaunti kuu haina hata neno la siri. Mwaka 2020 wagonjwa walianza kupokea vitisho: lipa, au siri zako zitamwagwa. Walioibiwa rekodi walizidi 30,000.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na data ikivuja na kuhatarisha watu, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Lakini sheria huja baada ya mwizi. Muundo mzuri humkuta mlangoni.

Yule kijana tulikaa naye mchana kutwa. Tukasimba diski, tukaligawa faili. Jioni nikamuuliza kama kuna nakala nyingine. Akanyamaza, halafu akasema lilishatumwa kwa WhatsApp, kwenye kundi la kazi. Watu wangapi? Hakukumbuka.

Maji yakimwagika hayazoleki. Wenzangu mnaotengeneza mifumo, kabla ya kuongeza safu ya "jina", jiulizeni kama inahitajika. Kama haihitajiki, msiiweke. Kisichoandikwa hakiibiwi.

Nawasilisha.