MAONI: Kijana, chagua upasuaji wa kurekebisha

Ikiwa wewe au mwanao anasoma sayansi na anatamani kuwa daktari mpasuaji, maneno haya ni yako.

Upasuaji wa plastiki una matawi mawili. La kwanza ni la urembo, kama kunyoosha pua au kuondoa mikunjo ya uso. La pili ni la kurekebisha viungo na sura vilivyoharibiwa na moto, risasi au ajali, au mtoto kuzaliwa na mdomo uliopasuka.

Sisi wa Gisenyi tunaujua moto. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, umati wa watu wa Goma ulivuka mpaka kuja huku. Mei 2021 ikalipuka tena. Lakini moto unaoumiza kila siku ni mdogo: sufuria ya maji, jiko la mkaa, kibatari ndani ya hema. Mtoto akiungua kiganjani au shingoni, kidonda hufunga, kisha kovu hukaza. Vidole hujikunja, kidevu huvutwa kifuani. Mtoto huyo hawezi kushika kalamu wala jembe. Daktari anayejua kukata kovu na kupandikiza ngozi anaweza kumrudisha shuleni.

Utaambiwa kwamba urembo una pesa. Ni kweli, wala si dhambi. Lakini anayelipia urembo ni mwenye nacho, na daktari humfuata mjini. Aliyeungua kambini hana cha kulipa. Ndiyo maana serikali na mashirika yanapaswa kumlipa vizuri daktari wa kurekebisha, nasi tuwakumbushe hivyo.

Walioichagua njia hii wapo. Shirika la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji wa plastiki: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Jirani yetu Denis Mukwege wa Bukavu ni daktari wa wanawake, lakini kazi yake pia ni kurekebisha waliojeruhiwa. Alisomea Ufaransa, akarudi Kongo, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Safari ni ndefu. Ukishapata shahada ya udaktari, mafunzo ya upasuaji huu huchukua angalau miaka 5. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999, huyatoa ndani ya hospitali za kanda yetu, na Rwanda ni mwanachama.

Usipofika huko, bado unahitajika. Muuguzi wa vidonda na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakifunga banzi mapema na kumzoesha mtoto kunyoosha mkono, huzuia kovu kukaza.

Na wewe mzazi, unaweza kuanza leo. Mtoto akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Kisha mlete kliniki upesi.